Siku Thelathini Bila Kulalamika

9 Februari

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu uliyenikimbia,

Marahaba. Salamu zako zimefika na bahasha haikuchanika safari hii. Mimi mzima, mgongo ndio uleule, unaniamsha kabla ya jogoo. Mama yako mzima. Anaenda kazini kwake dobi kila siku, anasimama kwenye maji yao na mabuti yake ya mpira, sukari yake ameishika, vidonge anameza bila kukimbizwa. Paka wa jirani kazaa ndani ya kapu la mashuka wanayoniletea kushona, kwa hiyo kuna shuka sita za hoteli haziendi popote mpaka watoto wafumbue macho. Waliokuja kuzidai nimewaambia wangoje.

Mama yako anasema nikupigie simu tu, barua za nini. Simu sitaki. Ukinijibu upuuzi kwenye simu unapotea hewani, kwenye barua ninao hapa, nakushika nao.

Sasa hiki kijitabu mlichochapa huko ofisini kwenu, cha kurekebisha maisha. Umeuliza kimetufaa? Nimekisoma chote. Darasa la tatu langu hilihili, kidole chini ya mstari, siku nne. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wanasema ukiamka unywe glasi mbili za maji. Nimekunywa. Nimekwenda chooni mara tatu kabla ya chai, na choo chenyewe unakijua kiko nje. Wanasema andika mambo matatu unayoyashukuru. Nimeandika: la kwanza, macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano. La pili, jirani amehamisha redio yake. La tatu sijalipata mpaka leo. Wanasema andaa nguo za kesho leo jioni. Hilo kweli limefaa, mama yako haachi tena nyumba kama imeingiliwa na wezi. Sikatai. Lakini hilo nilimwambia mimi miaka arobaini iliyopita, bure, bila picha ya maua juu yake.

Mama yako ndiye aliyekipenda. Ule ukurasa wa mwisho, wa kukaa siku thelathini bila kulalamika, kaukata kwa mkasi wangu wa kitambaa akaubandika juu ya sinki. Mkasi wa kitambaa, kukatia karatasi! Keshaanza mara mbili keshashindwa mara mbili. Mara ya kwanza hakumaliza hata asubuhi.

Kula. Ile picha uliyotuma umekonda shingo.

Ni mimi bibi yako.


16 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini mgongo umepungua makali, na kwamba watoto wa paka wamefumbua macho watu wakapate mashuka yao. Mimi huku sijambo. Chumba changu kina dirisha sasa, nimehamia upande wa pili wa jengo, naona paa za watu na kamba za nguo, nakukumbuka wewe na mama. Nakula, Bibi. Shingo ndivyo ilivyo.

Nimecheka barua yako mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kuna nini. Lakini Bibi, usihukumu haraka. Mazoea hayabadiliki kwa wiki moja. Glasi mbili ukizianza kidogokidogo mwili unazoea. Na la tatu la kushukuru lipo, litafute, hata dogo.

Halafu nina jambo nilitaka kuwaambia wewe na mama, ila niliona aibu. Kazi yangu hapa unaijua, ni kupanga kurasa kwenye kompyuta, maneno huandikwa na wengine. Lakini ule ukurasa wa siku thelathini niliuandika mimi. Ni wangu, neno kwa neno. Jina langu halipo, ila ni mimi. Mwambie mama. Mwambie asikate tamaa kwa kushindwa mara mbili. Kanuni ni ileile niliyoiandika: ukilalamika, hata kwa neno moja, unarudi siku ya kwanza. Maumivu ukiyataja unayalisha. Akifika siku ya thelathini atajikuta mtu mwingine.

Nawapenda. Msalimie paka.

Mjukuu wako.


21 Machi

Kwako mwandishi wa vitabu,

Marahaba. Sisi wazima. Paka wamefumbua macho, mmoja kafa, wanne wazima, mashuka yamekwenda. Baba mwenye nyumba kapaka rangi ngazi, kapaka na viatu vya watu vilivyokuwa juu yake.

Nilimwambia mama yako kuwa ule ukurasa ni wako. Ningejua ningefunga mdomo. Alisimama pale kwenye sinki akausoma upya, akiugusa herufi kwa herufi kama anapangusa vumbi. Kesho yake watu wote wa dobi wanajua. Msimamizi anajua. Muuza mkaa anajua. "Mwanangu ndiye aliyetunga." Sasa si mchezo tena, anataka kumaliza kwa sababu ni neno la mwanawe.

Amenifanya hakimu. Nyuma ya mlango wa jikoni nachora kijistari kwa penseli kila jioni, na akilalamika nafuta vyote kwa kitambaa kibichi. Mara ya tatu alifika siku ya sita, akanawa uso akasema, "Maji haya yana baridi jamani." Nikamwambia, "Umekwisha!" Akasema maji kuwa na baridi si malalamiko, ni habari. Nikamwambia habari haina jamani mwishoni. Nikafuta. Alininunia mpaka chakula cha jioni, na kununa nako nikakuhesabu. Mara ya nne alifika siku ya tisa, akamsema msimamizi wake. Nikafuta.

Hii ni mara ya tano na leo ni siku ya kumi na moja. Nikwambie ukweli, mke mwenzangu. Mama yako tangu azaliwe hajanyamaza. Tumboni alikuwa akinipiga mateke mchana kutwa. Chumvi imezidi, chumvi imepungua, jua kali, mvua gani hii, miguu, kichwa, baba yako aliondoka, mashine ya kukamua nguo inapiga kelele. Miaka yote nimeishi na redio isiyozimwa. Sasa anaingia, anavua mabuti, ananisalimia, anakaa. Nyumba imepoa. Nashona mpaka nasikia uzi ukipita kwenye kitambaa.

Kwa hiyo nayarudisha maneno yangu ya mwezi wa pili. Kijitabu chako kina ukurasa mmoja wa maana. Usivimbe kichwa.

Ni mimi.


11 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nawaandikia mbiombio, nisameheni. Mimi sijambo kabisa, nina furaha hata sijui nianzie wapi.

Ule ukurasa, Bibi! Wasomaji wametuandikia. Kuna mwalimu ameupachika darasani. Kuna mama muuza vitambaa kasema umemwokolea ndoa. Mwenye kampuni ameniita ofisini kwake, akaniambia nikae, hajawahi kuniambia nikae. Anataka niandike kijitabu kizima juu ya jambo hilo, na safari hii jina langu litakuwa kwenye jalada.

Anataka mfano wa mtu halisi mwanzoni, mtu wa kawaida, wa kazi ya mikono. Nimemwambia ninaye. Mama. Mama yangu wa dobi aliyeshindwa mara nne akashinda ya tano. Kwa hesabu yangu ya ile barua yako, juzi ametimiza siku thelathini. Naomba uniandikie, kwa sababu yeye nikimpigia atanijibu kwa mkato: maisha yake ya kila siku yamebadilikaje? Analala vizuri zaidi? Kazini je? Hata mambo madogo, Bibi, madogo ndiyo wasomaji wanayapenda.

Nijibu upesi. Nina mwezi mmoja tu.

Mjukuu wako mwenye haraka.


30 Aprili

Kwako mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Jirani mzima. Paka wazima.

Barua yako nimeisomea hospitali, nimekaa kwenye benchi la wodi ya wanawake, mama yako kalala mbele yangu. Umeniuliza maisha yake ya kila siku yamebadilikaje. Chukua kalamu, nitakwambia na madogo yake.

Siku ya kumi na nne ya ile hesabu yetu, kipande cha waya wa hengeri ya nguo kilikuwa ndani ya buti lake la kushoto. Akakanyaga. Kikaingia kwenye unyayo, akakivuta, akaosha kwa maji ya bomba, akarudi kwenye mashine. Hakumwambia mwenzake. Hakuniambia mimi. Akarudi na hilo buti la maji kesho, na kesho kutwa, na mtu wa sukari unajua kidonda chake kinavyokuwa, au hamjaliandika hilo? Siku ya ishirini na nane akaanguka pale kazini. Mwenzake wa mashine ya kukamua ndiye aliyemvua buti. Ananiambia alitoka nje akatapika.

Daktari kamuuliza, "Tangu lini?" Akasema siku kumi na nne. "Na kwa nini hukusema, mama? Wiki ya kwanza tungekiosha, tungekifunga, ungekwenda nyumbani." Mama yako akatabasamu, na homa yote ile. Akasema, "Zilikuwa zimebaki mbili."

Daktari akanitazama mimi. Alidhani kachanganyikiwa. Nami nikatazama chini, kwa sababu nilijua mbili za nini.

Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti, tarehe kumi na mbili. Siku moja baada ya wewe kuandika kwamba una furaha hata hujui uanzie wapi.

Hukupigiwa simu kwa sababu alinikataza. Alisema usisumbuliwe, una kazi. Hata kukatwa mguu hakulalamikia, kwa hiyo andika hilo kwenye jalada.

Bibi yako.


17 Juni

Bibi,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Hii ni barua ya saba, sita nimezichana. Natumaini mgongo wako unavumilia, maana najua sasa ndoo zote unabeba wewe. Mimi nipo.

Nimempigia mama mara tatu. Kila mara anasema yuko sawa, kidonda kinakauka, halafu ananiuliza kijitabu kinaendeleaje. Mara ya tatu nilikata simu nikasingizia mtandao.

Bibi, nataka kukwambia jambo na nakuomba umsomee mama, kwa sababu kwa simu siwezi. Ule ukurasa sikuutoa popote. Hakuna mtaalamu. Hakuna aliyewahi kuujaribu. Karatasi ya kijitabu kile ikikunjwa hutoa kurasa thelathini na mbili, si pungufu, na maneno yalikuja ya kurasa thelathini na moja. Ilikuwa Ijumaa mchana, mashine zinasubiri, mwenye kampuni akapita akasema, "Weka chochote hapo, usiache peupe." Nikaandika nikiwa natafuna mkate. Dakika ishirini. Thelathini niliichagua kwa sababu neno lake lilijaza kichwa cha ukurasa vizuri. Mimi mwenyewe sijawahi kumaliza hata siku mbili, sikuwahi hata kuanza.

Na hili ndilo lililonichanisha zile sita. Asubuhi ya Ijumaa hiyo mama alikuwa amenipigia. Alilalamika nusu saa nzima: miguu, msimamizi, wewe, chumba, mimi kutokwenda nyumbani. Niliweka simu mezani nikaendelea na kazi, nikawa nasema "mm, mm." Nilipoandika ule ukurasa nilikuwa namwona yeye. Nilitaka anyamaze, Bibi.

Nilimwomba mwenye kampuni autoe kwenye toleo jipya. Akasema ndio ukurasa watu wanaoukata na kuubandika ukutani, autoe ana wazimu? Wiki iliyopita nimeupanga tena kwa mikono yangu hii. Kijitabu kikubwa nimekataa kuandika. Kapewa mwenzangu wa meza ya pili.

Msomee mama. Tafadhali.

Mjukuu wako.


1 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo ni wangu, usiulizwe na wewe.

Sikumsomea. Nimeiweka barua yako chini ya godoro langu. Unaniona mimi tarishi wako? Ulipotaka sifa ulisema "mwambie mama ni mimi." Sasa ni msiba unataka bibi ndiye asome. Una miguu miwili. Njoo useme mwenyewe, ukiwa umemtazama usoni, halafu ukae hapohapo uone sura yake, wala usikimbilie jikoni.

Alichonacho mama yako sasa hivi ni nini? Kazi hana, dobi wamemweka mwingine kwenye ile mashine kabla hata hajatoka wodini. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari. Kitu kimoja anacho. Wakija watu kumwona anawaonyesha ile karatasi ya juu ya sinki na kusema, "Mwanangu ana akili, mimi ndiye niliyeshindwa kufuata vizuri. Nilivaa mabuti mabovu." Anajilaumu kwa mabuti! Nami nakaa pale nashona, nimeuma uzi.

Na usidhani nakufokea wewe peke yako. Nina changu. Nilimwona akichechemea. Siku ya kumi na saba, kumi na nane hivi, nilimwona. Nikamuuliza, "Una nini wewe?" Akasema, "Sina kitu mama." Mimi ni mama yake, mtoto nimemlea mwenyewe, nisijue sauti ya mtu asiye na kitu na ya mtu anayeficha? Nilijua. Halafu ile ya ishirini na tano nikasikia harufu. Nikajiambia ni mabuti. Nikafungua dirisha.

Nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa imepoa. Nilisema moyoni, nikimchokonoa ataanza, na akianza haishi, miguu itamleta msimamizi, msimamizi atamleta baba yako, na mimi nitapoteza jioni zangu. Nikachora kijistari changu nikalala. Wewe uliandika dakika ishirini. Mimi nilichora siku ishirini na nane. Ulitaka anyamaze kwa nusu saa ya simu, mimi nilitaka anyamaze kwa maisha yote. Tumempata.

Watu watasema kijitabu kimemdhuru. Karatasi haimdhuru mtu. Alifuata shauri kwa sababu lilitoka kwa mwanawe na lilisimamiwa na mama yake, na sisi wawili tuliona raha.

Njoo mwezi wa nane. Usije na zawadi.

Bibi yako.


20 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nasikia ulifika huko salama. Mimi mzima. Magongo uliyomletea anayatumia, ingawa la kulia linapiga kelele kwenye sakafu. Nilikwambia usije na zawadi.

Umekaa siku nne. Umemuogesha mama yako, umemkata kucha, umefua, umepanga vyombo kwa ukubwa wake, umemsukia nywele vizuri kuliko mimi. Umelia chooni ukidhani hatusikii, na mlango ule wa bati. Yote nimeyaona. Na kila asubuhi nilitoka makusudi, naenda kwa jirani kuomba sindano nilizonazo, nawaachia chumba. Narudi, namtazama mama yako usoni, naona bado hujasema.

Siku ya mwisho sikutoka. Ulisimama mlangoni na begi, ukafungua mdomo, ukasema, "Mama." Akasema, "Bee." Ukauliza kama sabuni ipo ya kutosha.

Sabuni!

Basi nimesema mimi. Jumapili asubuhi, nikimfunga kitambaa safi pale palipobaki. Nilianza na langu, la kuchechemea, la harufu, la dirisha, ili asione namsukumia mtoto. Halafu nikaitoa barua yako chini ya godoro nikaisoma yote, kidole chini ya mstari, na mkate wako na kurasa zako thelathini na mbili, na lile la kumtaka anyamaze. Hapo nilitaka kuruka nikaona hapana, nimesharuka mengi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alinyoosha mkono akachukua barua, akautazama mwandiko, akanirudishia.

Akasema, "Wewe mama nimekusamehe. Nilijua unaona, na mimi nilikaa kimya nikitaka uendelee kunipenda hivyo, siku zile ulikuwa unanimiminia chai kabla sijaomba."

Halafu akasema, "Lakini hili la mtoto umeniambia la nini? Nilikuwa na mguu mmoja na mtoto mwenye akili. Sasa nimebaki na mguu mmoja."

Akageukia ukutani. Mpaka leo ni siku ya tatu anakula nikimlisha, anajibu nikimuuliza, zaidi ya hapo hapana.

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza. Shauri la kukupa sina. Na lako usilete.

Bibi yako.